Usifungue Ndiva Usiku

Mwanangu, nimesikia umerudi Same na shahada yako ya udaktari, na kwamba unatafuta fremu kando ya barabara kuu ufungue zahanati. Nimefurahi. Keti kidogo nikuambie neno.

Ndiva unaijua. Kule milimani maji ya kijito hulala humo usiku kucha, tundu limezibwa. Asubuhi huachiwa, yakashuka mferejini hadi shamba la mwisho. Anayelizibua usiku wa manane anyweshe mahindi yake peke yake, alfajiri watu hukuta tope. Fedha ya hospitali ni maji ya ndiva.

Mtazame marehemu Profesa Hubert Kairuki, bingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba ya kibiashara, na ruhusa haikurudi hadi 1991. Yeye na mkewe, Kokushubila, walianza 1987, marufuku ikiwa bado ipo, pale Mikocheni, Dar es Salaam, kwa jina la Mission Mikocheni. Miaka kumi baadaye wakaongeza chuo kikuu cha tiba, maana hospitali ya madaktari wa kuazima, siku wakiitwa kwingine, hubaki na vitanda. Profesa alifariki Februari 1999. Hospitali haikuzikwa naye: leo inaitwa Kairuki, na chuo nacho kikapewa jina lake.

Sasa sikia la pili. Niliwahi kumpeleka mjukuu mwenye homa kwenye zahanati moja, siitaji. Sakafu inameta, televisheni ukutani, kijana wa mapokezi kavaa tai. Vipimo vya malaria vilikuwa vimekwisha tangu juzi. Nje limeegeshwa gari jipya la mwenye zahanati.

Watani wetu husema sisi Wapare tuna mkono wa birika. Safari hii usibishane nao. Jiandikie mshahara kama unavyomwandikia muuguzi. Kinachobaki kiache kilale. Kinunue kwanza hadubini ya maabara, kisha kijenge chumba cha kujifungulia. Ukishakuwa kituo cha afya kinachojilipa, ndipo uwaze hospitali. Weka na akiba ya dawa, kwa kuwa madai ya bima hayalipwi siku unayoishiwa. Ila ubahili huo uishie kwenye daftari la fedha. Usiufikishe kwenye glavu wala dozi ya mgonjwa.

Na mama atakayeshushwa na bodaboda kutoka Vudee usiku, uchungu umembana na hela hana, mpokee kwanza, hesabu itafuata. Ndiva ikibomoka, hupigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja, na watu huja na majembe kwa sababu maji yake yaliwahi kufika mashambani kwao. Fanya kazi ili nawe, ukuta wako ukibomoka, waje.