Alama ya Msumari

Katika miaka yangu ya ualimu nimewaonya watoto wengi wasiseme uongo. Lakini siku niliposema uongo ninaoukumbuka kuliko wote, sikufungua kinywa. Nilishika bisibisi.

Ninaishi Mbingu, chini ya milima ya Udzungwa, kando ya barabara itokayo Ifakara kwenda Mlimba. Mgeni akisikia jina la kijiji chetu hucheka, akauliza kama hapa ndipo wanapokuja watu wema wakifa. Mimi humjibu kwamba hapa hukuja mpunga, vumbi, na wakati wa masika, tope. Treni ya TAZARA hupita kwetu, lakini treni haifiki mlangoni mwa mgonjwa. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku, au mtoto mwenye homa kali, hupakiwa kwenye pikipiki. Kwa hiyo, ndugu msomaji, pikipiki ikizimika njiani huku kwetu, mara nyingi kuna mtu mgongoni mwake ambaye hawezi kungoja.

Jioni moja kijana wa jirani alikuja kwangu akiikokota pikipiki yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Imekuwaje?"

"Inazima, Mwalimu. Nikiachia mafuta tu, inazima. Na kesho saa sita anakuja mtu wa Mngeta kuinunua."

Nilijua kwa nini anauza. Mama yake alikuwa amepangiwa kupasuliwa hospitalini Ifakara, na fedha hazikutosha.

Pikipiki nyingi za hapa hutumia kabureta, nami kabureta naijua tangu ujana wangu. Hii ilikuwa ya namna mpya. Petroli yake hupulizwa kwa amri ya kompyuta ndogo iliyofichwa ndani yake. Kompyuta hiyo haina macho. Hujua dereva amevuta mafuta kiasi gani kwa kuambiwa na sensa ndogo iliyofungwa ubavuni mwa kilango cha hewa. Sensa ina nyaya tatu: mmoja huleta umeme wa volti 5, wa pili huurudisha, na wa tatu hupeleka habari. Kilango kikifungwa, waya wa habari husoma karibu nusu volti. Kikifunguliwa polepole, namba hupanda bila kuruka mpaka ipite volti 4. Sensa ni shahidi, na kompyuta ni hakimu anayemwamini shahidi mmoja tu.

Nilifungua swichi bila kuwasha injini, nikaingiza ncha za testa nyuma ya soketi. Kilango kikiwa kimefungwa, nilisoma 0.5. Nikazungusha mkono wa mafuta taratibu; namba zikapanda kwa mpango. Sensa iliyolika ndani huruka au hukatika katikati, lakini hii ilikuwa nzima. Shahidi alikuwa anasema kweli.

Hapo ndipo nilipopaswa kumwacha shahidi na kuutafuta ugonjwa mahali pengine. Lakini jua lilikuwa linazama, na kijana alikuwa amesimama mbele yangu na shida yake. Akasema fundi mmoja alimwambia kwamba sensa ikisogezwa kidogo, injini hutulia. Nikachukua msumari, nikachora mstari mdogo kutoka kwenye sensa hadi kwenye chuma kilichoishikilia, kama nilivyozoea kufanya kabla ya kulegeza kitu chochote. Kisha nikalegeza skrubu mbili, nikaizungusha sensa mpaka testa ikasoma 0.7. Kompyuta ikaamini kwamba kilango kimefunguka, ikaongeza petroli. Tulipowasha, injini ilitulia kabisa. Kijana alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Nami nikafurahi, kama wazee wanavyofurahi wakiona bado wana faida.

Usiku sikulala vizuri. Swali moja lilikuwa likinirudia: kama sensa ilikuwa inasema kweli, nilirekebisha nini?

Alfajiri nilikwenda nyumbani kwake. Nikairudisha sensa kwenye ule mstari wa msumari, nikawasha injini, nikaishikilia kwa mafuta kidogo, kisha nikadondosha maji ya sabuni juu ya mpira unaounganisha kilango cha hewa na injini. Kila maji yalipopita mahali fulani chini ya mpira, mngurumo ulibadilika. Palikuwa na ufa. Hewa ya wizi ilikuwa inaingia pale bila kupita kilangoni, na petroli ikawa haitoshi. Mimi nilikuwa nimeongeza petroli kwa hila, nikauacha ufa uendelee kupanuka.

Nikamwambia kijana kwamba mnunuzi lazima aelezwe. Uso wake ukabadilika.

"Mwalimu, yule ana macho na masikio. Ataijaribu mwenyewe. Akiridhika, mimi nimemwibia nini? Na mama yangu je?"

Sitaki msomaji aidharau hoja hii, maana ni ya zamani na wenye akili wameibishania. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alizungumzia muuzaji anayejua kasoro za nyumba yake na kuzinyamazia. Alieleza kwamba wanafalsafa wawili walitofautiana: mmoja aliona kunyamaza si kudanganya, mwingine aliona ni kumwacha mwenzako apotee ukimwona. Cicero mwenyewe alisimama upande wa kusema. Nao Waislamu husimulia jinsi Mtume alivyopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka lililokuwa kavu juu, vidole vikakuta unyevu chini, naye akamkemea mwenye nafaka. Sisi wa bonde la Kilombero hatuhitaji kufafanuliwa kisa hicho. Kila aliyewahi kununua mpunga kwa gunia ameingiza mkono wake mpaka chini.

Tena mimi na kijana tulikuwa tumepita kunyamaza. Anayenyamaza humwachia mnunuzi masikio yake. Sisi tulikuwa tumeyachezea yale masikio: mtu wa Mngeta angesikiliza injini kwa makini, kama mtu mwangalifu, na uangalifu wake wenyewe ungemdanganya.

Mnunuzi alifika saa sita. Kijana alimweleza, kwa sauti ya kinyongo, nami nikiwa nimesimama pale. Yule bwana alishukuru, akapanda gari lililokuwa likirudi Mngeta, akaenda zake. Mpira mpya uliletwa kutoka Ifakara baada ya siku tatu, na pikipiki ikauzwa baadaye kwa bei ndogo kuliko ile ya kwanza. Nilichangia nilichoweza, wala hakikuziba pengo. Mama alipasuliwa, akapona, lakini alingoja mwezi mzima zaidi akiwa na maumivu. Kijana hunisalimu, ila hakai tena barazani kwangu. Siwezi kukuambia, ndugu msomaji, kwamba ukweli ulilipa. Ulitutoza, na aliyelipa zaidi ni mama asiyejua habari za sensa.

Hata hivyo nimejifunza jambo. Kusogeza sensa si dhambi. Ingekuwa inasoma vibaya, kuisogeza kungekuwa ndiyo kazi ya haki. Skrubu ni zilezile, bisibisi ni ileile, na mkono ni uleule. Kinachotenganisha matengenezo na udanganyifu ni kile ulichokipima kabla hujalegeza kitu: je, shahidi amekosea, au amesema jambo usilolipenda?

Nasi tuna shahidi wa namna hiyo kifuani, tunamwita dhamiri. Wakati mwingine hukosea. Wapo waliolelewa kuona haya kwa mambo yasiyo na ubaya, na hao wanahitaji kurekebishwa taratibu. Lakini mara nyingi dhamiri hutusumbua kwa sababu pana ufa mahali fulani, nasi badala ya kuutafuta ufa, humsogeza shahidi. Shida iliyo mbele yetu hutupa sababu nzuri, na mara nyingi ni shida ya kweli, kama ya yule mama. Nafsi hutulia, na tunaudhani utulivu huo kuwa ni uzima.

Ndiyo maana naishukuru ile alama ya msumari kuliko testa. Testa ilinionyesha kweli jioni ile, nami sikuijali. Alama ndiyo iliyonionyesha asubuhi mahali pa kurudi. Mtu anayejua kwamba anaweza kushindwa na huruma, au haraka, au sifa, na achore mstari wake mapema, kabla hajashika bisibisi.