Nikurudishie Lini, Dada?

Mtoto alilia katikati ya mkutano wa Jumatatu. Sisi sita tulikuwa ofisini Nairobi, tumeketi mbele ya skrini. Wa saba alikuwa chumbani kwake Tabata, Dar es Salaam. Alizima kipaza sauti haraka, akakiwasha tena baada ya nusu dakika, akasema, "Samahani sana, jamani," kisha akaendelea kusoma idadi ya wateja waliopiga simu wiki iliyopita. Mtoto alikuwa na umri wa siku 19.

Meneja alisema, "Hongera tena," tukahamia kwenye ajenda iliyofuata. Mimi niliinamisha kichwa kwenye daftari langu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwajiri. Au niseme kwa usahihi zaidi: mimi ndiye niliyeandika mkataba uliosema kwamba hajaajiriwa.

Mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi Kenya, kwenye kampuni inayouza programu ya hesabu za maduka. Kampuni ilipoanza kupata wateja Kariakoo na Mwanza, ilihitaji mtu wa kupokea simu zao kwa Kiswahili chao, na mimi nikapewa kazi ya kumtafuta kwa kuwa kule ni kwetu. Nilimpata binti mmoja hodari, mvumilivu wa wateja wakali, mwenye sauti ya kutuliza. Tangu mwanzo aliniita dada, nami nikamwita mdogo wangu.

Tatizo lilikuwa kwamba kampuni haikuwa imesajiliwa Tanzania. Ili kumwajiri rasmi ingebidi isajiliwe huko, ipate namba ya mlipa kodi, ijiandikishe NSSF na kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yote hayo kwa ajili ya mtu mmoja. Meneja wa fedha aliniambia nitumie njia rahisi. Basi nikachukua mkataba wangu mwenyewe wa ajira, nikaiambia kompyuta itafute neno "mwajiriwa" kila lilipo na kuweka "mtoa huduma". Ilibadilisha sehemu 31 kwa kufumba na kufumbua. Nikafuta ukurasa wa likizo, nikafuta ukurasa wa bima ya afya. Saa za kazi niliziacha zilivyokuwa: saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Aliusoma, akasaini, akafurahi. Malipo yalikuwa shilingi laki tisa kwa mwezi, bila makato. Kwa kazi ya kwanza baada ya chuo, si haba.

Miaka miwili baadaye, akiwa na mimba ya miezi minane, alinitumia ujumbe usiku: "Dada, nina swali, samahani kama ni usumbufu. Likizo ya uzazi kwetu inakuwaje?"

Nilijua jibu, lakini nikamwandikia, "Ngoja nikuulizie." Siku tatu baadaye kampuni ikamjibu kwa barua pepe ya mistari minne: kama mtoa huduma huru, anaweza kusimamisha huduma kwa muda anaotaka, bila malipo, na kampuni itamtafuta mtu wa kushika nafasi yake. Nakala ililetwa kwangu. Alifanya kazi hadi siku mbili kabla ya kujifungua, akarudi mtoto akiwa hajamaliza wiki tatu. Alijua mtu wa kushika nafasi huwa haiachii.

Kuna jambo ambalo bado sijalisema. Mwaka uliotangulia mimi pia nilijifungua, nikiwa nafanya kazi kwenye kampuni hiyohiyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, nami niliipata yote. Bima ya kampuni ililipa hospitali, na meneja wa fedha alituma shada la maua. Wanawake wawili, wote Watanzania, mwajiri mmoja, kazi zinazofanana. Mmoja alijifungulia upande huu wa Namanga na mwingine upande ule.

Nilipomweleza meneja wa fedha hivyo, hakuwa mkatili. Alikuwa na hoja, na nataka kuziweka hapa kwa haki kwa sababu kwa miaka miwili zilikuwa hoja zangu pia. Ya kwanza: alikubali mwenyewe, ni mtu mzima mwenye elimu, hakulazimishwa. Ya pili: tukidaiwa kusajili kampuni kila nchi tunakopata mtu mmoja, hatutaajiri mtu huko, na yeye asingekuwa na kazi kabisa. Ya tatu: anachukua fedha yake yote mkononi bila makato, kwa hiyo awekeze mwenyewe kwa ajili ya siku za shida.

Hoja ya pili ndiyo nzito. Vijana wengi ninaowafahamu Dar, Arusha, Kampala na Kigali wanaishi kwa kazi za namna hii, zinazotoka nje na kuingia kupitia intaneti. Ukizifunga zote kesho, hakuna atakayewashukuru watetezi wa haki. Lakini tazama hoja hiyo inasema nini hasa. Inasema nafasi hiyo ipo kwa sababu gharama fulani haikulipwa. Hiyo gharama haikutoweka. Imebebwa na mtu mwingine, na mtu huyo ndiye mwenye kipato kidogo kuliko sisi wote tuliokuwa kwenye skrini ile.

Nilipiga hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua pacha. Kwa mshahara wa laki tisa, siku 84 ni kama milioni mbili na nusu. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri hutoa nusu na mfanyakazi nusu. Hiyo ni shilingi 180,000 kila mwezi, na kwa miaka miwili ni zaidi ya milioni nne ambazo zingekuwa kwenye jina lake, pamoja na fao la uzazi akishatimiza masharti ya mfuko. Ushauri wa kuwekeza mwenyewe haugusi jambo hilo, kwa sababu hifadhi ya jamii si akiba ya mtu mmoja. Ni watu wengi wanaobebeana mzigo, na mwajiri akiwa mmoja wao. Yeye tulimtoa nje ya kundi hilo, kisha tukamwambia ajipange.

Na ile hoja ya kukubali? Mkataba unaweza kumpa mtu jina lolote, na mtu anaweza kulisaini. Lakini jina halibadilishi kinachotokea kila asubuhi saa mbili. Usiku baada ya mkutano ule nilisoma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya Tanzania, ya mwaka 2004. Kinaorodhesha mambo kadhaa: kama mtu anafanya kazi kwa kuelekezwa, kama saa zake zinapangwa na mwingine, kama amepewa vitendea kazi, kama anamtegemea mtu mmoja kwa kipato chake. Likiwepo hata moja tu kati ya hayo, anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo. Niliyahesabu moja baada ya jingine. Saa zake nilizipanga mimi. Kompyuta aliyotumia niliituma mimi kwa basi. Waliotunga sheria ile walimfahamu mtu kama mimi kabla sijaketi na kubadilisha maneno 31.

Ofisini kwetu tuliwahi kushangilia jambo linalofanana na hili. Mwaka 2022 mtu aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi aliishtaki Meta pamoja na Sama, kampuni iliyomwajiri kwa ajili ya kazi hiyo. Meta ilijitetea kwamba haina makao Kenya wala haifanyi biashara hapa, kwa hiyo mahakama za Kenya haziwezi kuigusa. Mahakama ya kazi ilikataa utetezi huo mwaka 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa nayo ikasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Siku hiyo wenzangu walisema, "Wamezoea kututumia na kutuacha." Nami niliitikia. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kwa binti wa Tabata sisi ndio tuliokuwa wageni wasio na makao.

Kinachonisumbua zaidi ya sheria ni hiki. Kazi siku hizi husafiri kirahisi. Mteja yuko Kariakoo, simu inapokelewa Tabata, taarifa zinahifadhiwa kwenye kompyuta zilizoko Ulaya, faida inahesabiwa Nairobi. Kila kipande kinaweza kuwekwa pale panapoifaa kampuni, ila mwili wa anayefanya kazi haugawanyiki hivyo. Ukiugua, unaugulia mahali pamoja. Ukijifungua, ni kwenye kitanda cha hospitali ya mtaa fulani, kwa bei za pale. Nimefikia kuamini kwamba wajibu wa mwajiri unaufuata mwili huo mpaka ulipo, hata kama kampuni yenyewe imesajiliwa mbali. Anayenunua saa tisa za mtu kila siku amenunua pia sehemu ya uchovu wake, na uchovu huo hauna uraia.

Haya ni maneno mazuri. Sasa niseme nilichofanya.

Kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyohiyo niliyoisoma usiku ule zina ukomo. Mgogoro wa kazi usiohusu kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipoanza. Nilihesabu kuanzia ile barua pepe ya mistari minne. Siku ya mkutano ilikuwa ya 45. Zilibaki siku 15.

Sikumwambia. Kibali changu cha kazi kimefungwa kwenye jina la kampuni. Nikiondolewa, naondoka Kenya na mtoto wa mwaka mmoja. Nilijiambia nitaanza kwa mazungumzo ya ndani. Nikaandika barua ndefu kwa uongozi, nikapendekeza tutumie kampuni inayoajiri kwa niaba ya wengine, ambayo tayari imesajiliwa Tanzania. Hulipwa ada kila mwezi, nayo hushughulikia kodi, michango na likizo. Nikajibiwa kwamba litaangaliwa kwenye bajeti ijayo. Wakati huohuo nikamtumia mdogo wangu shilingi laki tatu kwa simu, kutoka mfukoni mwangu, ili nilale.

Alinijibu baada ya dakika moja: "Mungu akubariki sana dada. Nikurudishie lini?"

Niliusoma ujumbe ule mara nyingi. Nilikuwa nimempa zawadi, yeye akapokea deni, na alikuwa sahihi kuliko mimi. Mkubwa akikupa kitu ambacho hakikuandikwa popote, unabaki kumtazama usoni kujua anataka nini. Utamwitikia haraka zaidi, utaogopa kumuuliza jingine. Mimi nilipolipwa miezi yangu mitatu sikumwuliza mtu nirudishe lini. Sikumshukuru hata mtu, ila kwa yale maua. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu walihangaika kuyatoa mambo haya kwenye moyo mwema wa tajiri na kuyaandika kwenye sheria. Stahiki inakuacha usimame wima mbele ya anayekulipa.

Nilimwambia siku ya 71. Nilimpigia simu, nikamweleza kifungu cha 61, siku 84, Tume, na ukomo uliokwisha kupita. Nikamwambia pia kwamba niliujua ukomo huo ukiwa bado na siku 15. Alikaa kimya kwa muda. Nilimsikia mtoto akinyonya.

"Kwa hiyo nimechelewa," alisema.

Nikamwambia Tume inaweza kupokea shauri lililochelewa kama kuna sababu ya msingi, lakini lazima sababu ielezwe.

"Sababu yenyewe si ndiyo wewe, dada?"

Ndiyo, nikamjibu. Na kama ataamua kwenda, nitaandika hivyo na kuweka sahihi yangu: kwamba hakujua, kwamba mimi nilijua, na kwamba saa zake za kazi nilizipanga mimi. Akasema atafikiri, atazungumza na mumewe, kwa sababu laki tisa bado inahitajika nyumbani. Sikumhimiza. Mimi mwenye mshahara wa uhakika sina haki ya kumtuma yeye vitani.

Jumatatu iliyofuata alikuwa kwenye skrini kama kawaida, akasoma idadi ya wateja. Mtoto alilia tena. Safari hii hakuomba samahani. Alimbeba, akamweka begani tukimwona, akaendelea kusoma hadi mwisho. Ile hati ya maelezo yangu iko tayari kwenye kompyuta, kurasa mbili, imebaki tarehe tu. Ninasubiri aniambie.