Yatima na Hazina ya Serikali

Alaye mali ya masikini kwa hila yapasa aandamwe mpaka airejeshe. Hapo hatuna ubishi. Mabaraza ya majimbo ya Marekani hutunga sheria za namna hiyo, nayo yana haki. Lakini twauliza: serikali nayo ikila mali ya mtoto, ni nani atakayeiandama?

Kwani huko mtoto aliyefiwa na mzazi, au mwenye ulemavu, huweza kupata posho kutoka hazina ya taifa. Akichukuliwa na jimbo kwenda kulelewa na watu baki, idara hujifanya mpokeaji wa posho ile, kisha hujilipia gharama za malezi. Mwaka 2003 Mahkama ya Juu ya nchi, katika kesi ya Jimbo la Washington, iliamua kwamba kufanya hivyo hakuvunji sheria.

Husema malezi yana gharama. Ndiyo, lakini mwenzake asiye na posho, alalaye chumba kimoja naye, hadaiwi kitu. Basi yatima hutozwa kwa uyatima wake!

Katika fiqhi yetu walii tajiri hujizuia na mali ya yatima. Aliye fakiri ndiye aruhusiwaye kula, tena kwa kadiri. Je, jimbo ni fakiri?

Arizona mwaka 2023 iliikataza idara yake kujilipa hivyo, ikaiamrisha imwekee mtoto akiba. Palipobaki desturi ile, kijana huweza kutoka malezini na miaka yake 18, asiikute hata senti moja ya posho iliyoandikwa kwa jina lake.