Je, Picha Nzuri Yaweza Kuwa Uongo?

Wasomaji wetu, wengi hudhani ya kuwa uongo ni kazi ya ulimi tu. Je, mkono nao hauwezi kusema uongo? Twaliuliza swali hili kwa ajili ya vitabu vya watoto, maana mtoto husoma picha kabla hajajua herufi.

Palikuwa na bibi mmoja Mwingereza, Kate Greenaway, aliyezaliwa London mwaka 1846. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga picha katika vibao vya mti ili zipigwe chapa, na mama yake alikuwa na duka la nguo. Mwaka 1881 alitoa kitabu cha nyimbo za zamani wanazoimbiwa watoto wadogo wa Kiingereza, nacho kilipigwa chapa kwa rangi na fundi Edmund Evans. Watoto wa picha zake wamevaa kofia pana na magauni ya zamani za bibi zao. Wacheza katika bustani safi, na ni shida kumpata aliyechafuka. Nguo zile alizishona mwenyewe, akawavika watoto waliokaa mbele yake awachore. Watu walizipenda mno, hata wazazi wa Uingereza na Ufaransa wakaanza kuwashonea watoto wao nguo kama zile za kitabuni.

Lakini siku zizo hizo watoto wengi wa maskini wa London walikuwa wakitembea pasipo viatu katika matope na moshi. Hao hawamo. Basi, tumwite bibi huyu mwongo? Sisi twaona la. Mama abembelezaye mtoto hamtajii deni la dukani, wala hatusemi amemdanganya. Mtoto na apewe kwanza mahali pa kupenda. Tena ukiwatazama vema watoto wale, wengi hawacheki. Nyuso zao zimetulia kama watu wenye mawazo yao, na hiyo ni kweli ya utoto ambayo wachoraji wengi hawaioni.

Uongo twauona penginepo. Huku kwetu Unguja, Kiwengwa, katika pwani ya mashariki, hoteli za wageni zimejengwa kwa wingi tangu miaka ya 1990, na wageni huuziwa picha za rangi: ngalawa, mnazi, na jua likizama baharini (ingawa Kiwengwa jua hutoka baharini, likazama nyuma ya nyumba). Picha hizo si mbaya; zimelisha watu wengi. Lakini hazikuchorwa kwa ajili ya mtoto wa Kiwengwa. Yeye akipewa kitabu chenye picha, mara nyingi huona humo theluji na meko ya matofali. Polepole atajifunza, wala hakufundishwa na mtu, ya kuwa rangi ni za mahali pengine. Hapo ndipo picha nzuri inaposema uongo.

Labda mtu atasema, Kuna nini cha kuchora? Mwanamke ameinama majini akifunga mwani kambani, kazi iliyo katika pwani hiyo tangu 1989. Mwingine atafuta pweza mwambani. Twamjibu: Greenaway naye hakwenda mbali, alichukua nguo za duka la mama yake, na kijiji cha Rolleston alikokaa utotoni. Mchoraji wa nyimbo za bibi zetu itampasa angoje bamvua, maji yapwe hata mwambani, ashuke na karatasi zake pamoja na akina mama, wala asiiache ile mikono iliyokauka kwa chumvi.