Zawadi kwa Asiyeulizwa

Novemba 2007 meli ya Texas Clipper ilizamishwa kwa makusudi katika Ghuba ya Meksiko, maili 17 za baharini kutoka South Padre Island. Ilikwisha kubeba wanajeshi wa Vita Kuu ya Pili, kisha abiria, kisha wanafunzi wa ubaharia wa Galveston. Sasa wapiga mbizi wa Houston na Dallas huifuata chini na mitungi yao ya hewa.

Husemwa kwamba meli za namna hii, kama MV Dania iliyozamishwa Mombasa mwaka 2002, zimetolewa kwa samaki. Neno “kutolewa” lanitatiza. Mtoaji hujinyima, hapa kilichotolewa ni chuma kilichokwisha kazi. Tena bahari haikuulizwa, wala haina namna ya kukataa. Pwani kwetu, mwenye kumtupia jirani jahazi bovu uani hathubutu kusema amemtunuku.

Hata hivyo siwezi kuiita taka tupu. Kabla ya kuzamishwa, Clipper ilikaa bandarini Brownsville ikiondolewa mafuta, asbesto na vitu vingine vyenye sumu. Ni kazi ghali, chafu, na mpiga mbizi haioni kamwe, kwa kuwa alama yake ni kutokuwapo kwa kitu. Kama kuna utoaji katika habari hii, mimi nauona hapo, si katika lile tukio la kuzama lililopigwa picha.

Ilikusudiwa isimame wima. Ikalala ubavu wa kushoto, na samaki wakaingia vivyo hivyo.