Je, Kizuri Chajiuza?

Wahenga walituachia methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pale sokoni Ujiji huenda ni kweli, maana migebuka wabichi hawahitaji mpiga debe. Lakini tukiihamishia methali hii kwenye muziki, inabeba hukumu nzito: kwamba bendi isiyojulikana haikustahili kujulikana. Hukumu hiyo mimi naikataa.

Mfano wangu ni Lake Tanganyika Jazz ya hapa Kigoma. Ilikuwa mojawapo ya bendi za miji zilizojiita “jazz”, kama Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Tabora Jazz, ingawa muziki wake ulikuwa dansi. Vijana wengi wa leo hawajapata kuisikia hata kwa jina. Ikitajwa, hutajwa kwa sababu ya mtu mmoja, Shem Karenga, mwana wa Kigoma aliyepitia bendi hiyo kabla ya kujiunga na Tabora Jazz, wana Segere Matata. Huko ndiko alikotamba na wimbo wa “Dada Asha”, na alipofariki Desemba 2014 alikumbukwa kwa wimbo huo. Wale aliowaacha kando ya ziwa ni wachache wanaoyajua majina yao.

Hebu tujiulize. Je, Karenga aligeuka fundi siku aliposhuka kwenye treni stesheni ya Tabora? Hapana. Vidole vilivyoshika gitaa huko ni vile vile vilivyolishika Kigoma. Kilichobadilika ni njia. Miaka hiyo njia ya wimbo kuelekea kwenye umaarufu ilikuwa nyembamba sana: ilipita studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa waliobahatika, ilifika Nairobi kwenye kampuni za santuri. Morogoro Jazz, iliyomtoa Mbaraka Mwinshehe, ilikuwa kilomita zipatazo 200 tu kutoka Dar es Salaam. Kutoka Kigoma kwa reli ni kilomita zipatazo 1,250. Tena vyombo vya bendi nyingi vilikuwa mali ya klabu au ya mfadhili, si ya wapigaji. Kupakia ngoma, maspika na kundi zima la watu kwa safari kama hiyo halikuwa jambo la kipaji, lilikuwa jambo la nauli.

Msomaji anaweza kunijibu kwamba Tabora nayo iko mbali, na bado Tabora Jazz ilisikika. Ni kweli. Sisemi kwamba umbali ndio kila kitu, wala kwamba kila bendi iliyosahauliwa ilikuwa bora. Zipo zilizosahauliwa kwa sababu zilikuwa hafifu. Ninachosema ni kwamba kutojulikana hakuwezi kuwa ushahidi wa uhafifu. Meli ya Liemba tunayoijua sote ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi majini kazini mwaka 1927. Ingeachwa chini hadi leo, je, tungesema iliundwa vibaya?

Basi thamani ya bendi iko wapi? Mimi nadhani iko kwanza kwa yule aliyekuwapo. Namfikiria mvuvi wa dagaa ambaye wakati wa mbalamwezi karabai yake haina kazi, akaoga, akavaa shati safi, akaenda dansini. Akicheza mpaka jasho likamtoka na akasahau deni lake kwa saa tatu, jambo hilo limekwisha kutendeka. Hakuna redio iliyonyamaza wala kanda iliyopotea inayoweza kulitangua. Dansi ile haikuwa mazoezi ya kungojea umaarufu. Ilikuwa kazi kamili, na ilikamilika usiku ule ule.

Hata hivyo, wazo hili lina hatari yake, nalo ni rahisi kugeuzwa mto wa kulalia. Ofisa wa utamaduni, mwandishi, hata mimi na wewe, tunaweza kusema: maadamu thamani yao wanayo wenyewe, sisi tunadaiwa nini? Hapo lazima tutenganishe mambo mawili. Kumsahau mtu hakumpunguzii thamani, lakini kunamnyima haki yake. Fundi aliyejenga nyumba imara hawi fundi mbaya kwa sababu hakulipwa, na ubora wa nyumba haumwondolei mwenye nyumba deni.

Deni letu kwa wapigaji wale haliko juu ya uwezo wetu. Hatuwezi kuurudisha usiku wao, wala kuzitengeneza leo kanda ambazo hazikurekodiwa. Lakini bado wapo wazee, Bangwe, Mwanga na Ujiji, waliocheza dansi enzi hizo. Tuwaulize nani alipiga besi, nani alipiga tumba, nani aliimba sauti ya pili, na tuyaandike majina hayo daftarini wangali wanayakumbuka. Kizuri hakijiuzi. Husemewa na waliokiona.