NYOTA HAIBEBI BAHATI YA MTU

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu wa Kasongo na Kabambare, mcheni Mungu. Leo tunasema juu ya jambo lililozoeleka katikati yetu. Biashara ikilala, mtoto akiugua, au mchimbaji wa dhahabu akirudi kutoka Salamabila mikono mitupu, watu husema: nyota yake imechafuliwa. Wanakwenda kwa mfumu. Mfumu anadai kuku na faranga, na mwishowe anamtaja mtu: shangazi, au bibi kizee wa jirani, kwamba ndiye aliyeiba nyota. Hapo udugu unakatika.

Mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (S.A.W.), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa sababu ya mtoto yule. Lau Mtume angetaka sifa, angenyamaza tu. Lakini pamoja na majonzi yake aliwafundisha kwamba kupatwa kwa jua ni ishara ya Mungu, wala hakuhusiani na kifo cha mtu yeyote. Kisha akawasalisha.

Sasa sikilizeni habari ya kupatwa kwingine, kudogo na kwa mbali sana. Katika kundi la nyota liitwalo Nyangumi kuna nyota ya namna ya jua letu, ila ni kubwa na ya moto zaidi. Macho matupu hayaioni. Wataalamu wa mradi wa WASP, wenye kamera katika visiwa vya Canary na Afrika Kusini, waliona mwanga wake unapungua kidogo sana, hata sehemu moja katika mia haifiki, kila baada ya siku 2.9. Ilikuwa sayari inapita mbele ya nyota yake. Walipopima zaidi, wakakuta uzito wake unazidi mara mbili ule wa Mushtari, yaani zaidi ya dunia yetu mara 600. Mwaka 2019 Watanzania walizipa majina: nyota ikaitwa Mpingo, kwa mti mweusi wa kuchongea, na sayari ikaitwa Tanzanite, kwa jiwe la thamani la Mererani.

Tangu Ijumaa iliyopita hadi leo, sayari hiyo imeizunguka nyota yake mara mbili na zaidi. Haikuchelewa kwa sababu ya deni la mtu, wala haikuharakisha kwa harusi ya mtu. Inatii amri ya Mola wake katika njia yake, kama Surat Yasin inavyotufundisha juu ya jua na mwezi.

Wataalamu wale nao wametangaza kitu ambacho macho hayakukiona. Lakini waliweka vipimo vyao wazi, na mwingine akahesabu tena akakuta vilevile. Mfumu naye husema anaona yasiyoonekana. Mwulizeni: kipimo chako kiko wapi? Nani mwingine amekihakikisha? Na bibi asiye na nguvu ya kubeba ndoo ya maji, ataibebaje nyota?

Nabii Ibrahim (A.S.), katika Surat al-An'am, aliziacha nyota, mwezi na jua kwa kuwa vyote vinatua, akamwelekea Aliyeviumba. Nasi tufuate mwendo huo. Imepokewa katika hadithi kwamba anayemwendea mpiga ramli na kumwuliza, sala zake za siku arobaini hazikubaliwi. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kuku.

Basi mtoto akiwa na homa, mpelekeni kituo cha afya apimwe. Faranga za mfumu zilipe minervali, asome hesabu, wa kiume na wa kike. Na yule mzee uliyemnunia kwa sababu ya maneno ya ramli, nenda leo baada ya sala, umwamkie na kumwomba radhi.

Ewe Mola wetu, tutakasie imani zetu, waponye wagonjwa wetu, turudishie udugu katika nyumba zetu. Amin.